Jinsi ya Kuzitazama Mbio za Saa 24 za Le Mans Bila Kupotea

Mtu anayezitazama mbio za Le Mans kwa mara ya kwanza huchanganyikiwa mapema, mara nyingi kabla saa ya pili haijaisha. Magari sitini na ushee yanazunguka kwa kasi zisizolingana, na gari lililokuwa likiongoza linaonekana ghafla katika nafasi ya tisa, kisha baada ya dakika chache limerudi mbele bila yeyote kuliona likimpita mwenzake. Wengi hukata tamaa hapo na kurudi kesho yake kuuliza nani ameshinda. Nimeandika mwongozo huu kwa ajili yao, kwa kuwa naamini kwamba mtu hahitaji kukesha saa zote 24 ili azifaidi mbio hizi. Anachohitaji ni kujua saa zipi ni za kukaa macho, na jicho alielekeze wapi.

Anza na uwanja wenyewe, maana mambo mengi yanayotokea katika mbio hizi yanatokana na ardhi ile. Mbio zinafanyika pembezoni mwa mji wa Le Mans, katika jimbo la Sarthe, magharibi mwa Ufaransa, na zimeandaliwa na chama cha magari cha Automobile Club de l'Ouest tangu zilipoanza mwezi Mei mwaka 1923. Mzunguko mmoja una urefu wa kilomita 13.626, na sehemu yake kubwa ni barabara za kawaida ambazo siku nyingine hupitwa na malori na magari ya wakazi. Tafuta ramani uiweke karibu nawe, kisha ukariri majina machache tu: kona ya Tertre Rouge, ambayo gari likiitoka vizuri hufaidika katika njia yote ndefu iliyonyooka inayofuata, njia hiyo yenyewe, iitwayo Hunaudières, ambako mwaka 1988 gari moja lilifikia kilomita 405 kwa saa, na ambayo tangu mwaka 1990 imekatwa na vipinda viwili vya kupunguza mwendo, kona ya Mulsanne mwishoni mwake, kisha Indianapolis na Arnage, ambako mwendo ni mdogo, na mwisho kona za Porsche, zinazopitwa kwa kasi kubwa huku kuta zikiwa karibu. Ukiyajua majina haya, utaelewa papo hapo kwa nini mtangazaji anapaza sauti anaposema gari limesimama Arnage: dereva ana kilomita kadhaa za kulikokota hadi kwa mafundi wake, na asipoweza kulifikisha, mbio kwake zimekwisha.

Jambo la pili ni madaraja, na hapa ndipo penye ufunguo wa kila kitu. Magari yote yanaanza pamoja na kutumia njia moja, lakini yanashindana katika makundi matatu. Daraja la juu ni Hypercar, ambalo ndilo linalotoa mshindi wa jumla. Humo wamo watengenezaji kama Ferrari, Toyota na Cadillac, na magari yao huumaliza mzunguko kwa takriban dakika tatu na nusu hali ya hewa ikiwa nzuri. Daraja la LMP2 lina magari yaliyoundwa kwa ajili ya mashindano tu, yanayoendeshwa na timu binafsi. Daraja la LMGT3, lililochukua nafasi ya GTE mwaka 2024, ni la magari ya michezo yanayofanana na yale yanayouzwa madukani, na haya huhitaji karibu dakika nne kwa mzunguko. Maana yake ni kwamba gari la Hypercar hulipita kila gari la LMGT3 tena na tena, mchana na usiku, na ustadi wa kulipita bila kuligusa na bila kupoteza muda ndio unaomtofautisha dereva bora na dereva mwepesi tu. Kanuni pia zinaitaka kila timu ya LMGT3 iwe na dereva mmoja wa ngazi ya shaba, yaani mtu ambaye mara nyingi ana kazi nyingine maishani na anakimbia kwa mapenzi. Mimi huwatazama hao kwa heshima kubwa, kwa sababu wao ndio wanaoziona taa za magari makubwa zikiwajia nyuma gizani, na wanalazimika kushika mstari wao bila kutetereka.

Chagua gari moja katika kila daraja. Usichague kumi. Magari matatu yanatosha kabisa kukufungulia mbio nzima, kwa sababu kila moja litakutana na mambo yaleyale yanayoyakuta mengine. Kuyatambua ni rahisi ukiyatazama ubavuni: kibao cha namba kina rangi ya daraja, nyekundu kwa Hypercar na buluu kwa LMP2, na karibu yake zipo taa ndogo zinazowaka moja, mbili au tatu kuonyesha kwamba gari linashika nafasi ya kwanza, ya pili au ya tatu katika daraja lake.

Sasa chukua daftari na kalamu. Najua kwamba takwimu zote zinapatikana kwenye skrini, lakini skrini inakuonyesha hali ya dakika hii tu, wakati mbio za saa 24 ni hesabu inayojengwa kidogo kidogo. Andika kila mara magari yako matatu yanapoingia kwa mafundi: ni mzunguko wa ngapi, yamejaza mafuta tu au yamebadilishiwa na tairi, na dereva ni yuleyule au amepokewa. Gari la Hypercar huingia baada ya mizunguko 12 hivi, yaani kila baada ya robo tatu ya saa. Njia ya mafundi ina kikomo cha kilomita 60 kwa saa, na injini huzimwa wakati wa kujaza mafuta, kwa hiyo kila kituo hugharimu zaidi ya dakika moja ukijumlisha mwendo wa kuingia na kutoka. Ndiyo sababu gari linaloongoza huonekana limeporomoka. Tuseme daftari lako linaonyesha kwamba gari la kwanza liliingia mzunguko wa 12 na la pili mzunguko wa 14. Katika mizunguko miwili iliyo katikati, skrini itakwambia kwamba la pili ndilo linaloongoza, na itakuwa imekudanganya. Ngoja mpaka yote mawili yawe yameingia mara sawa, ndipo upime tofauti. Mtu akilishika jambo hili moja, sehemu kubwa ya mkanganyiko humwondokea.

Daftari litakusaidia pia kuwafuata madereva. Kila gari lina madereva watatu wanaopokezana, na hakuna anayeruhusiwa kuendesha zaidi ya saa nne ndani ya kipindi chochote cha saa sita, wala kuzidisha saa 14 kwa jumla. Timu yenye dereva mmoja aliye na kasi kuliko wenzake haiwezi kumtumia ovyo. Lazima imwekee akiba ya alfajiri au ya saa za mwisho. Ukiona kwamba dereva wako bora ameshatumia saa nyingi kabla ya usiku wa manane, fahamu kwamba kuna deni litakalolipwa Jumapili.

Mbio kwa kawaida hufanyika mwezi Juni, na miaka ya karibuni zimeanza Jumamosi saa kumi jioni kwa saa za Ufaransa. Geuza saa hiyo iwe ya mahali ulipo mapema, usingoje siku yenyewe. Magari huanza yakiwa tayari katika mwendo. Zamani madereva walivuka barabara mbio na kurukia magari yao, mtindo uliowafanya wengine waondoke bila kufunga mikanda vizuri, na mwaka 1969 Jacky Ickx aliupinga kwa kutembea taratibu hadi kwenye gari lake huku wenzake wakikimbia. Aliondoka wa mwisho. Siku iliyofuata alishinda, akimtangulia Hans Herrmann kwa kiasi cha mita 120 tu, na mtindo ule haukutumika tena.

Tazama saa mbili za kwanza kwa ukamilifu, halafu pumzika kidogo, kisha rudi jua linapokaribia kuzama. Katikati ya Juni jua huzama huko karibu saa nne usiku na kuchomoza karibu saa kumi na mbili asubuhi, hivyo giza si refu kama mtu anavyodhani. Saa moja ya kwanza ya giza usiikose hata kidogo: hewa inapoa, tairi zinachelewa kupata joto, na dereva anayetoka kwa mafundi na tairi za baridi huonekana akipapasa njia hadi zishike. Halafu lala. Wakati unaofaa kulala ni kati ya usiku wa manane na alfajiri, hasa mvua ikinyesha na gari la usalama likaingia uwanjani kuwaongoza wote kwa mwendo mdogo. Mwaka 2024 hali hiyo iliendelea kwa zaidi ya saa nne usiku. Ukiamka, usianze na nafasi za magari. Anza kwa kuangalia ni magari mangapi yametoka mashindanoni, kisha uangalie ni mangapi katika Hypercar yako katika mzunguko mmoja na kiongozi, maana hayo ndiyo yenye nafasi ya kweli ya kushinda.

Saa tatu za mwisho ni za kukaa macho bila kisingizio. Mwaka 2024, Jumapili mchana, gari namba 50 la Ferrari lilikuwa likiongoza huku Nicklas Nielsen akiwa usukani, na mlango wake wa kulia ukawa unapigapiga hewani. Waamuzi wakalionyesha bendera nyeusi yenye duara la rangi ya chungwa, yaani rudi ukarekebishe, na ikabidi liingie kabla ya wakati lililojipangia. Tangu hapo kila aliyekuwa na daftari alianza kupiga hesabu: je, nishati iliyobaki itamfikisha mwisho? Magari ya Hypercar yana kipimo cha nishati ambayo kila gari linaruhusiwa kuitumia kati ya kituo na kituo, na Nielsen alivuka mstari akiwa amebakiwa na asilimia mbili, mbele ya Toyota namba 7 kwa sekunde 14 hivi.

Bendera ya mirabaraba, inayofunga mbio, inapokaribia, usiondoke kwa kuona tofauti ni kubwa. Mwaka 2016 Toyota namba 5 iliyoendeshwa na Kazuki Nakajima iliongoza hadi zikiwa zimebaki dakika chache tu, ikapoteza nguvu, na ikasimama kwenye njia iliyonyooka mbele ya gereji ya timu yake yenyewe. Porsche namba 2 ikaipita na kushinda. Toyota hiyo iliwaka tena na kujikokota hadi mwisho, lakini mzunguko wake wa mwisho ulizidi dakika sita zinazoruhusiwa na kanuni, na kwa hiyo haikuhesabiwa kabisa katika matokeo. Ndiyo maana mtangulizi anapovuka mstari nakushauri uliache jukwaa la washindi lingoje kidogo, ukatafute magari yako mawili ya madaraja mengine yako wapi, kwa kuwa nayo bado yana kona za Porsche mbele yao, na yasipovuka mstari huo, saa zote 24 zilizoandikwa daftarini hazitakuwa na nafasi katika orodha rasmi.