Kushuka Wadi Bani Awf: acha injini ishike gari

Mnaoshuka kwa gari kutoka Sharaf al Alamayn, juu mlimani, kwenda kijiji cha Bilad Sayt na korongo la Wadi Bani Awf, kule Oman: kabla ya mteremko wa kwanza simama, weka 4L (gia za chini za gari la 4x4) na gia namba moja, halafu injini ndiyo ilizuie gari. Breki gusa tu. Ukizikanyaga njia nzima zinachemka, na ukisikia harufu ya kuungua ujue zimeshaanza kukosa nguvu. Simama zipoe kabisa. Kiongozi wa msafara mwachie nafasi, vumbi litulie uone anapopitisha matairi. Na mawingu jamani! Mvua ikinyesha juu kwenye milima ya Hajar, maji hukufikia korongoni huku kichwani kwako jua linawaka. Siku hiyo msishuke.