Namna ya Kupima Mbonyeo wa Povu la Alumini kwa Kasi Mbalimbali

Anayetaka kujua iwapo povu la alumini, yaani alumini iliyojaa vitundu vya hewa, huzidisha ukinzani linapobonyezwa kwa kasi kubwa huwekewa mtego wa kwanza na povu lenyewe, wala si na mashine. Vipande viwili vya bamba moja vinaweza kupishana densiti kwa asilimia 10, na kwa kuwa mkazo (kani kwa kila kipimo cha eneo) wa kuponda povu hupanda takriban kwa densiti yenye kipeo cha 1.5, pengo hilo peke yake huongeza mkazo kwa asilimia 15 hivi, kiasi kinachotosha kabisa kudhaniwa kuwa ni athari ya kasi. Kwa hiyo pima kila kipande, kokotoa densiti yake, kisha ugawe vipande ili kila kasi ipate vyepesi na vizito.

Kata kwa cheche za umeme au kwa msumeno wa utepe wenye meno madogo, taratibu, kwani ukataji wa pupa huponda vitundu vya juu na kuharibu mwanzo wa grafu ya kani dhidi ya kina. Kwa vitundu vya milimita 4, kibonyezo bapa cha mviringo kiwe na kipenyo cha milimita 30 au zaidi na kikae mbali na kingo. Kikiwa chembamba mno, utapima kitundu kimoja kimoja badala ya povu.

Kipande chenye unene wa milimita 50 kikibonyezwa milimita 3 kwa dakika, kasi ya mbano, yaani kasi ya kubonyeza ikigawanywa kwa unene, ni 0.001 kwa sekunde. Kwa kasi kubwa, dondosha uzito: kimo cha mita 1 hutoa takriban mita 4.4 kwa sekunde, yaani kasi ya mbano ya karibu 90 kwa sekunde. Uzito uwe mkubwa, ili nishati inayoliwa na povu isipunguze mno kasi hiyo njiani. Milimita 25 za kwanza hupita kwa milisekunde 6 hivi, hivyo kipima kani kinachosoma mara 1,000 kwa sekunde kitakupa nukta sita tu, ambazo hazifai kitu. Mitetemo ya mwanzo wa grafu, nayo, mara nyingi ni ya kipima kani chenyewe.

Tofauti na udongo wa mfinyanzi, ambao hufurika pembeni unapobonyezwa, povu huporomoka chini ya kibonyezo tabaka baada ya tabaka, huku ukingo wake ukichana kuta za vitundu. Kani, basi, ina sehemu mbili: ya kuponda, inayofuata eneo la kibonyezo, na ya kuchana, inayofuata mzingo wake. Ili kuzitenganisha, tumia vibonyezo vya vipenyo kadhaa, soma kani katika kina kilekile, igawe kwa eneo, kisha uchore jibu dhidi ya moja gawanya kwa kipenyo (1/kipenyo). Mahali mstari unapokata mhimili wima ndipo ulipo mkazo wa kuponda, na mwinamo wake ni mara nne ya nishati ya kuchana. Rudia hayo kwa kila kasi. Anayeruka hatua hii hawezi kusema ni sehemu ipi iliyoongezeka.

Alumini yenyewe haiathiriwi sana na kasi, kwa hiyo ongezeko likitokea, chunguza pia hewa iliyonaswa vitunduni na inesha (ukaidi wa kitu kubadili mwendo) ya kuta zinazokunjika. Mwishoni jaza shimo lililoachwa na kibonyezo kwa gundi ya epoksi, iache ikauke, ndipo ukate kipande katikati, ili vitundu vilivyopondwa visihame kabla hujapima unene wa tabaka la vitundu hivyo.