Jinsi ya Kutumia Kivumishi cha Kiingereza "Dour"

Kivumishi "dour" humweleza mtu ambaye ukali wake umechanganyika na ukosefu wa bashasha: hasemi sana, habembelezeki, na uso wake haukunjuki hata pale wenzake wanapofurahi. Sifa hizo mbili, ugumu na uzito wa moyo, sharti zikutane. Mwalimu anayesimamia nidhamu bila kulegeza, lakini akataniana na wanafunzi baada ya kipindi, huyo ni "stern". Na aliyefiwa ana huzuni tu, kwa hiyo kumwita "dour" ni kumwonea.

Wanafunzi wa lugha hukwama zaidi wanapolilinganisha na "sullen", na hapa inafaa kutulia. "Sullen" ni mtu aliyenuna, kwa kawaida kwa sababu ya jambo lililomuudhi, ambaye akisharidhishwa huenda akarudia hali yake, ilhali "dour" mara nyingi hutaja tabia iliyokwisha kukomaa. Basi kabla ya kuliandika, jiulize kama ndivyo mtu huyo alivyo siku zote au amekasirishwa leo tu.

Kiingereza kililipata neno hili kutoka Kiskoti, na kwa kawaida asili yake huhusishwa na neno la Kilatini "durus", lenye maana ya kitu kigumu. Matamshi yake ni mawili: la zamani hulingana na "poor", la pili hulingana na "sour", na yote yanakubalika.

Katika sentensi, linaweza kutangulia nomino, kama katika "a dour man", au kufuata kitenzi, kama katika "she looked dour". Kielezi chake ni "dourly" na nomino ni "dourness". Halifungwi kwa watu pekee: jengo la mawe lisilo na pambo lolote, mandhari kame, hata mechi ya kujilinda isiyo na bao wala msisimko, vyote huitwa hivyo, na binafsi naona matumizi hayo ya michezo ndiyo yanayoonyesha vizuri zaidi ladha ya neno hili.

Jihadhari, hata hivyo, na mazoea ya kulibandika kwa Waskoti wote, kwa kuwa ni dhana iliyochakaa na huweza kuudhi. Kumbuka pia kwamba neno hili ni la maandishi kuliko mazungumzo, na kwamba halina sifa njema ndani yake. Ukitaka kumsifu mtu kwa utulivu au umakini, "serious" litakufaa zaidi.