Kushona ngozi, turubai na jinsi kwa cherehani ya nyumbani

Wanaoniletea cherehani "zilizoshindwa ngozi" karibu wote wanaamini tatizo ni nguvu. Wanaulizia mota kubwa zaidi, au wameshashauriwa wakatafute mashine ya kiwandani. Mara nyingi cherehani yenyewe haina kosa. Ukiipa sindano inayostahili na mguu (kile chuma kinachoshikilia kitambaa chini ya sindano) ukabana sawasawa, Singer nyeusi ya zamani au Butterfly ya kukanyaga inashona mkoba wa ngozi ya mbuzi bila taabu.

Za umeme zile ndogo zinazokuja na mitumba pia zinaweza, ila mimi sizipendi kwa kazi hii. Nyingi zina gia za plastiki ndani, na ukigusa pedeli zinaruka mbele wakati ngozi inataka mwendo wa taratibu. Inayoshinda zote ni ya kuzungusha kwa mkono. Ukiikuta inauzwa kwa bei ya chuma chakavu, chukua.

Hatua ya 1: Pima unene kwanza

Kunja kipande kama utakavyokishona, pale ambapo tabaka zitakuwa nyingi zaidi, kisha ukipitishe chini ya mguu ulioinuliwa. Kikiingia kwa kusukumwa, acha. Kwa ngozi laini mimi sivuki milimita 3 kwa jumla ya tabaka zote. Ngozi ya mbuzi na ya kondoo zinafaa sana. Ngozi ngumu ya ng'ombe ya kutengenezea mikanda na soli ni kazi ya msharasi (chuma cha kutobolea cha fundi viatu) na mkono, na hakuna ujanja wa kuikwepa.

Hatua ya 2: Sindano

Nunua mpya. Namba za sindano huandikwa kwa jozi: 14/90, 16/100, 18/110. Ile kubwa ni unene kwa sehemu za mia za milimita, kwa hiyo 100 ni milimita 1 kamili. Jinsi na turubai la pamba zinataka 16, zikiwa nzito sana 18. Ngozi nyembamba 14, ya kawaida 16.

Sindano ya ngozi ina ncha iliyochongwa kama kisu kidogo, inakata badala ya kupenya. Kwa hiyo usiitumie kwenye jinsi wala turubai, itakata nyuzi za kitambaa na mshono utachanika baadaye. Kwenye rekzini, yaani ngozi bandia ya plastiki, pia naikwepa, natumia ya jinsi namba 16.

Hatua ya 3: Uzi

Poliesta au nailoni. Uzi wa pamba usiuguse kwa ngozi, hasa ngozi iliyotengenezwa kwa magome ya miti, kama yale ya miwati ya Njombe, maana tanini, ile dawa iliyo kwenye magome, inaula uzi wa pamba taratibu. Ukitaka kujua ngozi yako ni ipi, tazama ukingo uliokatwa: ya magome huwa kahawia hadi ndani, iliyotengenezwa kwa kemikali ya kromiamu mara nyingi ina ukijivu au ubuluu katikati.

Uzi mnene wa fundi viatu hautapita kwenye cherehani ya nyumbani. Ukitaka stichi zionekane nene, weka mnene kiasi juu na wa kawaida kwenye bobini (kigurudumu cha uzi wa chini).

Hatua ya 4: Kata na ushikize

Pini hapana, kila tundu kwenye ngozi ni la kudumu. Tumia vibanio vya kuanikia nguo, au gundi ya viatu iliyopakwa kidogo sana karibu na ukingo. Iache ikauke kabisa kabla ya kushona, la sivyo itaganda kwenye sindano. Pale tabaka zinapokutana, punguza unene kwa wembe upande wa ndani wa ngozi, kisha gonga kwa nyundo juu ya ubao.

Hatua ya 5: Urefu wa stichi

Milimita 3.5 hadi 4. Stichi fupi kwenye ngozi zinatoboa mstari kama wa stempu, na itachanika hapohapo.

Hatua ya 6: Stichi zinaporuka

Hapa ndipo watu wanapopoteza siku nzima, wakafungua mashine, wakaiharibu. Kwa hiyo tuende polepole.

Stichi haifungwi sindano inaposhuka. Inafungwa sindano inapoanza kupanda: uzi unalegea kidogo nyuma ya tundu la sindano, unafanya kitanzi, na ndoano iliyo chini inapita kukidaka. Sasa ngozi inaing'ang'ania sindano. Sindano ikipanda, ngozi inapanda nayo, uzi haulegei, kitanzi hakitokei, ndoano inapita patupu. Hiyo ndiyo stichi iliyoruka. Mota kubwa itakachofanya ni kukurukia stichi kwa haraka zaidi.

Zungusha gurudumu kwa mkono na uitazame ngozi pembeni ya sindano. Ikiinuka hata kidogo, umempata mwizi. Kaza mguu: kwenye zile nyeusi ni skrubu ya kuzungusha kwa vidole, juu kabisa ya nondo inayoshika mguu, kwenye nyingine ni kirungu chenye namba. Kaza kidogo, jaribu, kaza tena. Usikaze hadi mwisho, kwa sababu meno ya chini yanayosogeza kitambaa yataacha alama kwenye ngozi. Ikianza kuacha alama, tandika karatasi nyembamba chini, shona, kisha uichane.

Angalia pia ni mguu gani umeufunga. Mguu wa zipu unabana upande mmoja tu na upande wa pili unaachwa uinuke. Watu wanaupenda kwa sababu unapita pembamba, lakini kwa ngozi ni chanzo cha stichi kuruka. Vilevile mashine za zigizaga zina tundu pana kwenye bamba la chini, na ngozi laini inasukumwa humo. Kama mashine yako ilikuja na bamba la tundu dogo la duara, lifunge, ila zungusha kwa mkono kwanza uone sindano ya 18 haigusi.

Kabla hujagusa kingine chochote, rudi kwenye sindano. Je, imepanda hadi mwisho kabla ya kukazwa? Je, imeelekea sawa? Sindano ya nyumbani ina upande bapa juu na mfereji mrefu upande wa pili. Uzi huingilia upande wa mfereji na kutokea upande wa bapa, ambako ndoano inapita. Ikigeuzwa haishoni kabisa, au inashona kwa kubahatisha. Na sindano yenye kichwa cha duara kisicho na bapa ni ya mashine za kiwandani. Madukani zinachanganywa, na muuzaji atakuapia kwamba ni ileile.

Rekzini na turubai la plastiki zina kisa kingine: zinanata kwenye mguu. Stichi zinakuwa fupi fupi na mtu anadhani zimeruka. Bandika selotepu chini ya mguu ukiacha tundu la sindano wazi, au paka poda kidogo juu ya rekzini. Mguu maalumu wa kuteleza unauzwa, ni mzuri, lakini unaweza kuishi bila huo.

Zikiruka kwenye kona tu, unageuza mapema mno. Shusha sindano hadi chini kabisa, iache ianze kupanda kidogo, ndipo ugeuze.

Ukimaliza haya yote na bado zinaruka, ndipo mpelekee fundi atazame mpangilio wa ndoano. Usiifungue mwenyewe.

Hatua ya 7: Kupanda vinundu

Pindo la jinsi likifika kwenye mshono wa pembeni, mguu unainama na sindano inapinda. Simama, sindano ikiwa ndani. Inua mguu, weka kadibodi iliyokunjwa nyuma yake hadi mguu ulale sawa, ushushe, kisha pita kwa kuzungusha gurudumu kwa mkono. Unaposhuka upande wa pili, kadibodi inahamia mbele. Usivute kitambaa kutoka nyuma: sindano itagonga bamba na kuvunjika, na kipande kinaweza kukurukia jichoni.

Hatua ya 8: Kufunga

Kwenye ngozi usirudi nyuma kwa mashine. Acha mikia mirefu, vuta uzi wa juu utokee chini, funga mafundo mawili, tia tone la gundi. Turubai na jinsi rudi nyuma kama kawaida.

Kisha safisha vumbi la ngozi chini ya meno kwa brashi, tia mafuta, na ushone kitambaa kichakavu kwanza kabla ya kurudi kwenye ngozi. Doa la mafuta kwenye ngozi ya rangi ya mchanga halitoki.