Namna ya Kulielewa Neno "Get" kwa Kuangalia Kinachofuata

Mwanafunzi wa Kiingereza anapolikuta neno "get" kwa mara ya kwanza huambiwa kwamba maana yake ni "kupata", naye huiandika maana hiyo daftarini na kuendelea na somo. Siku chache baadaye anasoma "get up", "get tired", "get home" na "get married", na ile "kupata" aliyoiandika haimfai hata mara moja. Kosa si lake, kwani kamusi huzipanga maana za neno hili kwa mfuatano mrefu, na hakuna awezaye kuupitia mfuatano huo kichwani huku mwenzake akisubiri jibu. Njia ninayoipendekeza ni kuacha kuuliza "get" lina maana gani, na badala yake kuangalia ni neno la namna gani linalolifuata, kwa sababu sehemu kubwa ya maana yake hukaa kwa jirani huyo.

Tuanze na hali iliyo rahisi zaidi, ambapo "get" hufuatwa na nomino. Hapo ndipo "kupata" hufanya kazi vizuri, pamoja na ndugu zake "kupokea", "kununua" na "kuleta". "I got a letter" ni "nilipokea barua", na "I got a cold" ni "nilipata mafua". Anayesema "I got a new phone" huenda ameinunua simu hiyo au amepewa, na Kiingereza hakimlazimishi kueleza. Ukiona maneno mawili baada ya "get", la kwanza likimtaja mtu na la pili kitu, kama katika "get me a chair", ujue kwamba kazi hiyo Kiswahili huifanya kwa kauli ya kutendea: "niletee kiti". Na mtu akisema "I don't get it", anamaanisha kwamba haelewi. Maana hii haipaswi kututatiza sisi, ambao huulizana "umenipata?" tukitaka kujua kama maneno yetu yameeleweka.

Kikifuata mahali, maana ni kufika. "We got to the station at noon" ni "tulifika stesheni saa sita mchana". La kukumbuka ni kwamba "home", "here" na "there" hazitaki "to", kwa hiyo husemwa "get home" na wala si "get to home".

Likifuata neno la sifa, kama "tired", "angry", "wet" au "old", tunaingia mahali ambapo watu wengi hukwama, na ningependa tukae hapo kidogo. Hapa "get" halina maana yake lenyewe. Linaonyesha tu kwamba hali inabadilika, na Kiswahili huwa na kitenzi kamili kwa mabadiliko hayo: kuchoka, kukasirika, kulowa, kuzeeka, kunenepa, kukonda, kutajirika. Usitafute neno la kulitafsiri "get" hapa, bali tafuta kitenzi kinachobeba vyote viwili. Mara nyingi kitenzi hicho hutegemea kinachozungumziwa, maana "get old" kwa mtu ni kuzeeka, ilhali kwa viatu ni kuchakaa. "The tea is getting cold" ni "chai inapoa", lakini "my hands are getting cold" ni "mikono yangu inaanza kuwa baridi", kwa kuwa mikono haipoi kama chai. "It is getting dark" ni "giza linaingia".

Ukitaka kwenda upande wa pili, kutoka Kiswahili hadi Kiingereza, kuna kanuni moja ambayo imewasaidia wengi niliowafundisha. Kitenzi cha hali kikiwa na "-me-", Kiingereza hutumia "be", na kikiwa na "-na-" au "hu-", Kiingereza hutumia "get". "Nimechoka" ni "I am tired", kwa sababu uchovu umekwisha kuingia na sasa ni hali. "Ninachoka" ni "I am getting tired", kwa sababu uchovu bado unaingia, na "huchoka upesi" akisemwa mwanamume ni "he gets tired quickly". Asiyeijua tofauti hii huandika "I have tired", akifuata "-me-" neno kwa neno, na msomaji wake hushindwa kumwelewa.

Neno "married" linastahili kutajwa peke yake. "Get married" husemwa kwa mwanamume, kwa mwanamke na kwa wote wawili bila kubadilika, ilhali sisi tunapaswa kuchagua: alioa, aliolewa, walioana. Anayetafsiri "my cousin got married" hawezi kuendelea bila kujua huyo binamu ni mwanamume au mwanamke, isipokuwa akimbilie "alifunga ndoa", ambayo inawafaa wote. Ninaisifu njia hiyo pale ambapo matini haisemi lolote zaidi.

Kitenzi kinachofuata kikiwa katika umbo la kutendwa, kama "arrested", "paid" au "broken", "get" huchukua nafasi ya "be". "He got arrested" ni "alikamatwa". Kiswahili hapa kina usahihi ambao Kiingereza hakina, kwa kuwa tunatenganisha kauli ya kutendwa na ya kutendeka. "The cup got broken" kwa kawaida ni "kikombe kilivunjika", bila kumtaja wala kumfikiria aliyekivunja, na mtu akiandika "kilivunjwa" huwa ameongeza shutuma ambayo sentensi ya asili haikuwa nayo. Tafakari kabla ya kuchagua.

Kuna pia mpangilio ambamo katikati ya "get" na kitenzi huingia mtu au kitu. Katika "I got him to sign", nilimfanya atie sahihi, na kwa kawaida ilinibidi kumshawishi. Katika "I got the car repaired", sikulitengeneza gari mwenyewe, bali nililipeleka likatengenezwa. Sisi husema "nimenyoa" hata kama kinyozi ndiye aliyeshika mashine, kwa hiyo wengi huandika "I have cut my hair", na Mwingereza huelewa kwamba mtu huyo alijikata nywele kwa mkono wake. Kinachotakiwa ni "I got my hair cut". Na katika "I got the door open", mlango ulifunguka baada ya taabu, jambo ambalo "I opened the door" haliwezi kulieleza.

Sasa tuje kwenye mtego mkubwa kuliko yote, yaani "got to". "I have got to go" ni "sina budi kwenda", na katika ujumbe mfupi huandikwa "gotta". "I got to go", likisemwa kuhusu jambo lililopita, ni "nilipata nafasi ya kwenda", hivyo sentensi mbili zinazofanana karibu herufi kwa herufi hutofautiana kama lazima na fursa. Maana hii ya pili tunayo sisi wenyewe, na kwa neno lile lile, kwani "sikupata kumwona" ni "I never got to see him". Pamoja na haya, "I have got a brother" ni "nina kaka" tu, na hakuna kilichopatikana siku hiyo. Wamarekani hulitumia umbo "gotten" kutenganisha mambo haya. Kwao "I've got a letter" ni kuwa nayo barua, na "I've gotten a letter" ni kuipokea, ilhali Waingereza hutumia "got" kwa yote mawili.

Yanayobaki ni yale ya "get" pamoja na vineno kama "up", "over", "by" na "along", ambayo ni lazima yajifunzwe moja moja: kuamka, kupona au kusahau uchungu, kujikimu, kupatana. Hilo la mwisho linanifurahisha kila ninapolifundisha, kwa sababu "patana" limezaliwa na "pata" kama "get along" lilivyozaliwa na "get". Kuhusu vyombo vya usafiri, sisi hupanda na kushuka tu, lakini Kiingereza husema "get in" na "get out of" kwa gari dogo, na "get on" na "get off" kwa basi, treni na ndege, ambamo abiria anaweza kusimama na kutembea.

Jambo la mwisho la kuzingatia ni mahali pa kulitumia. "Get" lilitokana na neno "geta" la lugha ya kale ya Skandinavia, lililoletwa Uingereza na walowezi kutoka huko. Maneno kama "receive", "obtain" na "arrive" yalitoka Kifaransa, kilichokuwa lugha ya watawala baada ya Wanormandi kuiteka nchi hiyo mwaka 1066, na hadi leo hubeba urasmi wa ofisini. Katika barua ya maombi ya kazi andika "I received your letter". Katika mazungumzo usiogope "get", kwani mtu anayesema "I obtained a cold" humshangaza msikilizaji.

Kwa mazoezi, chukua ukurasa wowote wa Kiingereza cha mazungumzo, upigie mstari kila "get", kisha uiandike upya kila sentensi kwa Kiswahili ukijikataza "kupata" mpaka pale lisipoepukika. Jaribu na hii: "I got to the office late, got told off and never got to explain." Mimi ningeandika: "Nilichelewa kufika ofisini, nikakaripiwa, wala sikupata kujieleza."