Mti wa shule wapeni darasa la tatu, si la saba

Walimu mnaopanga kupanda miti masika haya, msiwakabidhi darasa la saba. Septemba wanafanya mtihani, wanaondoka, na mche unabaki yatima katikati ya kiangazi. Wapeni darasa la tatu, ambao bado wana miaka kadhaa mbele yao.

Pandeni michache. Watoto wawili kwa mche mmoja, na mmoja wao awe anaishi jirani na shule, maana likizo ya Juni inaua miche kuliko mbuzi. (Mbuzi nao wapo, zungushieni miiba.) Kiriba, ule mfuko wa plastiki wa mche, avue mtoto mwenyewe kabla ya kufukia, mara nyingi mche huzikwa na plastiki yake, mizizi ikajikunja humo humo.

Maji yakiwa ya shida, chukueni chupa ya lita moja na nusu, kateni kitako, toboeni kifuniko kwa sindano, kisha ifukieni pembeni mwa mche, mdomo ukiwa chini. Mtoto anajaza asubuhi, maji yanadondoka polepole hadi mizizini. Hata yaliyosuuzia mboga jikoni yanafaa.

Kwa kuanzia ningechagua mlonge au mpapai. Mwembe ni mzuri, lakini mtoto wa miaka tisa atauchoka. Mlonge ukianza kutoa majani, waacheni hao wawili waamue wenyewe: yaende jiko la shule, au yagawanywe nyumbani? Watagombana kidogo. Mwalimu ashike daftari la zamu tu.