Vipimo vya Afya vya Viza ya Kuhamia Nje: Maandalizi kwa Mwombaji wa Tanga

Mkazi wa Tanga anayeomba viza ya kuhamia Marekani, au ya kukaa Uingereza kwa zaidi ya miezi 6, hatamaliza vipimo vyake hapa mjini. Daktari anayetambuliwa ni yule tu aliyeteuliwa na nchi husika, naye utamfuata Dar es Salaam. Cheti cha daktari mwingine, hata awe bingwa wa hospitali ya mkoa pale Bombo, hakipokelewi. Hata hivyo, sehemu ya kazi inayowakwamisha wengi hufanyika nyumbani, kabla ya kupanda basi, na ndiyo nitakayoieleza kwa urefu.

Anza na kadi ya kliniki. Iliyo mezani kwangu ni ya mtoto wa dada yangu, aliyezaliwa Chumbageni. Imelainika kwa unyevu wa pwani na pembe yake moja imeliwa na mende, lakini tarehe zinasomeka: BCG (chanjo ya kifua kikuu) na matone ya polio alipozaliwa, sindano za wiki ya 6, ya 10 na ya 14, kisha surua na rubela katika miezi 9 na 18. Kwa utaratibu wetu mtoto huyu amekamilisha chanjo. Kwa Marekani bado, kwa sababu sindano yetu ya surua na rubela haina kinga ya matumbwitumbwi, na chanjo ya tetekuwanga haimo katika ratiba ya taifa, ilhali zote mbili zinadaiwa kwa wahamiaji. Usikimbilie kuzitafuta kwenye maduka ya dawa. Daktari aliyeteuliwa ndiye atakayezitoa, au ataandika kwamba hazipatikani nchini. Kazi yako ni kumwonyesha zile ulizokwisha kuchoma, ili usirudiwe sindano usiyoihitaji na kuilipia. Mtu mzima ambaye kadi yake ilipotea zamani asihangaike kutengeneza nyingine ya kubuni. Atachomwa upya au, kwa baadhi ya magonjwa, atapimwa damu kuona kama ana kinga. Uingereza haidai chanjo hizi. Inachotaka ni cheti cha kifua kikuu.

Angalia pia majina. Katika kadi hiyohiyo mtoto ameandikwa jina la bibi yake, ambalo ndilo tunalomwitia nyumbani, ilhali cheti cha kuzaliwa na pasipoti vina jina jingine kabisa. Sisi tuliligundua jambo hili tukiwa tayari mapokezi Dar es Salaam, tukarudi Tanga mikono mitupu, zaidi ya kilomita 300, kutafuta kiapo cha wakili. Linganisha herufi kwa herufi ukiwa bado nyumbani.

Jambo la pili, na ndilo zito kuliko yote, ni kifua kikuu. Kwa viza ya kuhamia Marekani, mwenye umri wa miaka 15 na zaidi hupigwa picha ya kifua, na mtoto wa miaka 2 hadi 14 anayetoka nchi yenye ugonjwa huu kwa wingi, kama yetu, hupimwa damu. Wazazi wengi huogopa kwamba lile kovu la BCG begani litamponza mtoto; kipimo hiki cha damu hakidanganywi na BCG. Kwa Uingereza, mtoto wa chini ya miaka 11 kwa kawaida hapigwi picha, bali huulizwa maswali kuhusu afya yake. Mjamzito aseme mapema kabla hajaingia chumba cha eksirei, kwani kuna namna ya kumkinga au kumsubirisha hadi ajifungue.

Picha ikionyesha alama yoyote, hata kovu la ugonjwa uliopona miaka mingi iliyopita, utatakiwa kutoa makohozi siku 3 mfululizo, na makohozi hayo huoteshwa maabara kwa muda unaofika wiki 8. Usiache kazi wala kuuza vyombo vya nyumba kabla majibu hayajatoka. Aliyewahi kutumia dawa za TB achukue kadi yake ya matibabu kliniki alikotibiwa, na picha za zamani kama zipo, kwa kuwa daktari akiweza kulinganisha kovu la leo na la mwaka ule, maelezo yako yana uzito. Ukikutwa na ugonjwa wenyewe, utatibiwa kwanza, kwa kawaida miezi 6 ukimeza dawa mbele ya mhudumu, ndipo uendelee. Viza huchelewa, lakini mlango haujafungwa. Anayeficha ndiye anayejifungia.

Virusi vya UKIMWI viliondolewa katika orodha ya Marekani ya magonjwa yanayomzuia mhamiaji tangu Januari 4, 2010. Wenye ndugu Maskati wasichanganye mambo: nchi za Ghuba zina masharti yake, na kwenye VVU ni makali. Kaswende na kisonono hupimwa kwa watu wa rika fulani na hutibiwa. Kisukari na shinikizo la damu si magonjwa ya kuambukiza, lakini huandikwa katika ripoti, na ofisa wa viza anaweza kuuliza matibabu yako yatalipwa na nani. Nenda na maelezo ya daktari wako na majina ya dawa unazotumia.

Utaulizwa pia kuhusu vilevi. Hapa kwetu wapo wanaoiona mirungi kama kahawa ya barazani, lakini kiini chake kimo katika orodha ya dawa zinazodhibitiwa kwa sheria ya Marekani, sawa na bangi. Atakayeonekana kuwa na uraibu huweza kutakiwa kusubiri, akithibitisha miezi 12 bila kutumia.

Kuhusu wakati, fuata barua ya ubalozi na usitangulie mbele yake. Vipimo vya Marekani kwa kawaida hudumu miezi 6, na 3 kwa baadhi ya waliokutwa na alama kifuani, na viza haipewi muda unaozidi vipimo; anayepima mapema mno hujinyima siku za kusafiri. Cheti cha Uingereza nacho ni cha miezi 6. Weka miadi ya vipimo kabla ya usaili, ukiacha nafasi ya zile siku 3 za makohozi, na mahali pa kulala Dar es Salaam. Siku yenyewe beba pasipoti, barua ya miadi, picha ndogo, kadi zote, na miwani kama unavaa. Utavuliwa nguo kiasi. Mwanamke anayetaka kuhudumiwa na mwanamke, au kuwa na mwanamke mwenzake chumbani, aombe tangu anapoweka miadi.

Ukikabidhiwa bahasha iliyofungwa, usiifungue hata kwa kutaka kujua tu, na diski ya picha ya kifua uisafirishe katika mkoba wa mkononi, si katika sanduku linaloingia tumboni mwa ndege.